Mbwa Mlinzi Anapoharisha

Katika vilima vya Goba, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, ni nadra mtu kupita mbele ya nyumba kumi asibwekewe na mbwa. Kata hii, ambayo zamani ilikuwa chini ya Kinondoni na sasa imo katika Wilaya ya Ubungo, ilikuwa nchi ya mashamba kabla ya kujaa nyumba. Na hata leo viwanja vingi vina miembe, migomba na vichaka. Nyumba zimejengwa kwa kuachana, taa za barabarani ni chache, na kwa hiyo kila mwenye ukuta huona ni busara kufuga mbwa mmoja au wawili. Mchana hufungiwa bandani. Usiku hufunguliwa wazunguke uani. Chakula chao ni ugali wa dona au wa pumba, dagaa, miguu na vichwa vya kuku, na makombo ya mezani.

Siku moja asubuhi sufuria ya mbwa hukutwa imejaa vilevile kama ilivyopelekwa jana yake. Mbwa amejikunja pembeni, uani pana matapishi ya manjano na kinyesi cha majimaji. Hapo kila mtu hutoa dawa yake. Mmoja atasema apewe maziwa, mwingine mafuta ya kula, wa tatu atakwenda kabatini na kurudi na vidonge vilivyobaki tangu mtoto wa nyumba alipougua. Nyingi kati ya dawa hizi hazina faida, na baadhi yake huua upesi kuliko maradhi yenyewe. Makala haya yanakusudia kueleza ni jambo gani hasa hutokea ndani ya tumbo la mbwa anayeharisha, ni lipi mwenye mbwa aweza kulifanya nyumbani, na ni wakati gani nyumbani si mahali pa kumtibia.

KUTAPIKA SI UGONJWA

Mbwa ameumbwa kutapika kwa wepesi. Mbwa mwitu wa Hifadhi ya Nyerere au wa Ruaha akisha kuwinda hurudi pangoni na kuwatapikia wanawe nyama aliyoila. Hiyo ndiyo namna yake ya kubeba mzigo. Mbwa wa nyumbani ni wa ukoo huohuo wa wanyama, naye hula kwa pupa, hufukua majalala, na hunusa mizoga bila kuchagua. Tumbo likikutana na kitu kibaya hukirudisha. Kwa hiyo mbwa aliyetapika mara moja au mbili, kisha akaendelea kuchangamka, kunywa maji na kukimbilia geti, hana haja ya dawa yoyote. Apumzishwe kula kwa saa chache, apewe maji kidogo kidogo, na yamkini kesho yake atakuwa mzima.

Kuharisha nako, katika siku ya kwanza, ni njia ya mwili kujisafisha. Hatari imo katika jambo jingine ambalo wengi hawalitazami, nalo ni maji yanayopotea.

Mwili wa mbwa mzima ni maji kwa kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake. Mbwa wa kilo 20 amebeba takriban lita 12. Kila siku zaidi ya lita 2 za majimaji huingia katika utumbo wake: maji aliyokunywa, mate, maji ya tumboni, nyongo, na maji ya kongosho. Utumbo ukiwa na afya hufyonza karibu yote na kuyarudisha katika damu, hata kinachotoka pamoja na kinyesi hakizidi robo kikombe. Sasa chukulia kwamba utando wa ndani wa utumbo umejeruhiwa, ukashindwa kufyonza nusu tu ya kiasi hicho. Lita nzima itamwagika nje kwa siku moja, na kama mbwa anatapika hataweza kuifidia kwa kunywa.

Upungufu wa maji unaofikia asilimia 5 ya uzito huanza kuonekana kwa jicho. Ukifika asilimia 10 mnyama yu mahututi. Ukikaribia 15 hufa. Kwa mbwa wa kilo 20, asilimia 10 ni lita 2. Lakini kwa mtoto wa mbwa wa kilo 2, asilimia hiyohiyo ni mililita 200, yaani kikombe kimoja cha chai. Ndiyo sababu mbwa mkubwa aweza kuharisha siku mbili na bado akabweka, ilhali mtoto wa mbwa aliyekuwa akicheza asubuhi huweza kufa kabla ya alfajiri. Watu husema amerogwa au amelishwa sumu. Aghalabu amekaukiwa tu.

KUMPIMA MBWA BILA VYOMBO

Mwenye mbwa aweza kuupima ukavu huu kwa vidole vyake. Ishike ngozi iliyo juu ya mabega kwa vidole viwili, ivute juu, kisha iachie. Ikirudi mara moja mbwa hajakaukiwa sana. Ikirudi polepole, au ikabaki imesimama kama hema, maji mengi yamekwisha kupotea. Kipimo hiki hudanganya kidogo kwa mbwa aliyekonda au mzee, ambaye ngozi yake huchelewa kurudi hata akiwa mzima. Na kwa mbwa mnene, ambaye mafuta huirudisha ngozi upesi hata akiwa amekauka.

Kwa hiyo tazama na kinywa. Inua mdomo wa juu uguse fizi: ziwe na unyevu wenye kuteleza. Fizi zinazonata kidoleni ni dalili mbaya. Kisha bonyeza ufizi mpaka uwe mweupe, uondoe kidole. Wekundu unapaswa kurudi kabla ya sekunde 2 kupita. Ukichelewa, damu haizunguki vizuri. Mbwa wetu wengi wana fizi nyeusi kwa asili, na hapo kipimo hiki hakionekani. Basi vuta chini kope la jicho utazame rangi ya ndani yake. Macho yaliyodidimia na pua iliyokauka pamoja na ulegevu huongeza ushahidi, ingawa pua kavu peke yake haina maana. Joto la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, na kwa sababu hiyo mkono wa mtu humwona daima kuwa ana homa. Kipimajoto cha njia ya haja kubwa pekee ndicho cha kuaminiwa.

Kinyesi chenyewe nacho husema. Kikiwa kingi, cha majimaji, na kikitoka mara chache, hitilafu iko katika utumbo mwembamba, na huko ndiko maji mengi hupotea. Kikiwa kidogo kidogo, chenye ute na pengine michirizi ya damu mbichi, na mbwa akajikamua mara nyingi, utumbo mpana ndio ulioathirika. Hali hii hutisha kwa macho lakini mara nyingi haina hatari kubwa kama ile ya kwanza. Kinyesi cheusi kama lami ni damu iliyokwisha kumeng'enywa, iliyotoka tumboni au juu katika utumbo. Hicho kisingojewe.

MAJI, CHUMVI NA SUKARI

Mtu aweza kuuliza: ikiwa utumbo umeshindwa kufyonza maji, kuna faida gani ya kumnywesha maji? Swali hili liliwashinda waganga wa binadamu kwa muda mrefu, na jibu lake ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyogunduliwa na elimu ya viumbe katika karne iliyopita.

Mwaka 1960, katika mkutano wa wanasayansi mjini Prague, mtaalamu wa Marekani aitwaye Robert Crane alieleza kwamba katika ukuta wa seli za utumbo pamo mlango maalumu ambao sukari ya glukosi haipiti peke yake. Hupita ikiwa imeshikana mkono, kwa kusema hivyo, na sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi. Vitu hivyo viwili vikiingia pamoja huyavuta maji nyuma yake. Jambo la ajabu ni kwamba mlango huu huendelea kufanya kazi katika namna nyingi za kuharisha ambazo njia nyingine zote za kufyonza zimefungwa. Maji matupu hupita tu. Maji ya chumvi bila sukari nayo hupita. Lakini vikichanganywa vyote vitatu kwa kipimo, huingia.

Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyozaa taifa la Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundika mshipani katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, nchini India, iliyokuwa imevamiwa na kipindupindu. Akaagiza watu wanyweshwe maji ya chumvi na sukari kutoka katika mapipa. Vifo miongoni mwa wagonjwa wake vikashuka hadi chini ya asilimia 4. Miaka saba baadaye jarida la tiba la Lancet, la Uingereza, liliandika kwamba huenda ugunduzi huu ndio mkubwa kuliko wote wa tiba katika karne hiyo. Pakiti zinazogawiwa leo katika zahanati zetu zimetokana na kazi hiyo.

Mlango huo aliouelezea Crane umo pia katika utumbo wa mbwa. Kwa hiyo pakiti ileile ya zahanati, ikikorogwa katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, humfaa mbwa. Ikikosekana, lita moja ya maji hutiwa vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, visiwe na kichuguu. Kipimo hiki kisichezewe. Chumvi ikizidi huyavuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza, na sukari ikizidi huongeza kuharisha. Mchanganyiko utumiwe siku hiyohiyo, unaobaki umwagwe.

Namna ya kunywesha ina umuhimu kama dawa yenyewe. Mbwa mwenye kiu akiwekewa bakuli kubwa atalimaliza kwa mkupuo, tumbo litatanuka, naye atatapika zaidi ya alichokunywa. Apewe kijiko kimoja cha chakula kila baada ya dakika 10 au 15 kama ni mkubwa, na kijiko cha chai kama ni mtoto. Akipitisha saa mbili bila kutapika, kiasi kiongezwe. Wapo mbwa wasiopenda ladha hiyo. Hao huweza kurubuniwa kwa maji ya wali, au supu nyepesi ya kuku iliyochemshwa bila kitunguu. Bomba la sindano lisilo na sindano husaidia, likielekezwa pembeni mwa shavu, si moja kwa moja kooni. Mbwa aliyelala hajitambui asinyweshwe kitu chochote, kwani maji yatakwenda mapafuni.

CHAKULA

Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba mbwa anayeharisha anyimwe chakula kwa saa 24 au hata 48, ili utumbo upumzike. Fikra hiyo ilikuwa na mantiki, lakini utumbo si mguu uliovunjika. Seli za utando wake hupata sehemu kubwa ya lishe yake si kutoka katika damu bali kutoka katika chakula kinachopita juu yake. Zikinyimwa husinyaa, na vijidudu hupata mwanya wa kupenya. Utafiti uliofanywa Onderstepoort, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2003, uliwachukua watoto wa mbwa 30 wenye ugonjwa mkali wa parvo. Nusu yao walilishwa mapema kwa mrija na nusu walingojewa mpaka kutapika kukome, kama ilivyokuwa desturi. Waliolishwa mapema walipata nafuu upesi zaidi.

Basi mbwa mkubwa anayetapika aweza kupumzishwa kula kwa saa 6 hadi 12, huku akipewa maji. Asiyetapika hana haja ya kufungishwa hata kidogo, na mtoto wa mbwa asifungishwe kamwe. Chakula kinachofaa ni wali laini uliochemshwa, sehemu tatu, uliochanganywa na sehemu moja ya nyama ya kuku isiyo na ngozi, mafuta wala mifupa. Samaki mweupe aliyechambuliwa miba pia hufaa. Agawiwe mara nne au tano kwa siku, kidogo kidogo. Kinyesi kikishikamana kwa siku mbili, aanze kurudishiwa ugali wake kwa kuuchanganya.

Hapa pana swali ambalo huulizwa mara kwa mara: je, mbwa si mla nyama, na ugali si ndio unaomharibu tumbo? La. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden na wenzao walionyesha kwamba mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, wakati mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za kaskazini, ambaye ndiye asili yake, ana nakala mbili tu. Kwa maneno mengine, mbwa alibadilika kwa kula makombo ya mkulima. Ugali uliopikwa ukaiva haumdhuru. Maziwa ndiyo yanayomdhuru, kwa sababu mbwa wengi wakisha kuachishwa hupungukiwa na kimeng'enya cha sukari ya maziwa, na utumbo ulioumwa hupungukiwa zaidi. Mafuta ya kula nayo ni mzigo kwa kongosho, na vitunguu, viwe vibichi au vya kupikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

VIDONGE VYA KABATINI

Nalisema jambo hili kwa ukali kidogo. Paracetamoli, ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zisitolewe kwa mbwa anayeharisha. Dawa za kutuliza maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki hufanya kazi kwa kuzuia kemikali fulani mwilini. Lakini kemikali hizohizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo dhidi ya tindikali na ndizo zinazohakikisha kwamba figo zinapata damu ya kutosha mnyama anapokaukiwa. Mbwa huziondoa dawa hizi mwilini polepole kuliko binadamu. Kidonge kimoja kwa mbwa mdogo aliyekauka huweza kutoboa tumbo na kuzima figo.

Flajili, yaani metronidazoli, ndiyo kipenzi cha wengi, hata baadhi ya wauzaji wa maduka ya dawa za mifugo huitoa bila kuuliza. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba kuharisha kwa kawaida kwa mbwa hupona katika siku chache kwa chakula laini peke yake, na kwamba dawa hii huvuruga bakteria wema wa utumboni kwa wiki kadhaa baada ya kuachwa. Zaidi ya hayo, kila tunapomwaga dawa za kuua bakteria bila sababu tunawafundisha bakteria kuzistahimili, na uani mwa mbwa ndimo wanamochezea watoto.

PARVO NA MAGONJWA MENGINE YASIYONGOJA

Kuna hali ambazo maji ya chumvi na sukari hayatoshi. Mbwa anayetapika kila anachokunywa, mwenye damu nyingi katika matapishi au kinyesi, aliyelegea hasimami, mwenye fizi nyeupe au za manjano, anayeharisha zaidi ya siku mbili, mtoto wa chini ya miezi sita ambaye hajachanjwa, huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu ambaye tumbo limevimba ghafla, akijaribu kutapika na kisitoke kitu, ana saa chache tu, kwani tumbo limejipinda. Msimu wa maembe huleta mkasa wake: mbwa humeza kokwa, nalo hukwama katika utumbo mwembamba na kuuziba. Gunzi la hindi hufanya vivyo hivyo. Mbwa wa namna hiyo huweza kutapika siku nzima bila kupata choo, na tiba yake ni kisu cha daktari.

Ugonjwa unaopaswa kuogopwa zaidi ya yote kwa watoto wa mbwa ni parvo. Kirusi chake hakikujulikana kabla ya mwaka 1978. Kilitokana na jamaa yake anayeshambulia paka na wanyama wa aina hiyo, na katika muda wa kama miaka miwili tu kilikuwa kimeenea duniani. Kirusi hiki hakiwezi kuzaana isipokuwa ndani ya seli ambayo yenyewe inagawanyika. Kwa hiyo hutafuta mahali ambapo seli hugawanyika kwa wingi. Mahali hapo ni pawili: vishimo vya utando wa utumbo, ambako seli mpya huzaliwa usiku na mchana kufidia zinazochakaa, na uboho wa mifupa, zinakotengenezwa chembe nyeupe za damu. Kwa pigo moja utumbo hubaki mtupu bila utando, na jeshi la kuulinda halipo. Siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa mtoto huacha kula, hutapika, kisha huhara damu yenye harufu nzito ambayo aliyewahi kuinusa haisahau. Asipotibiwa aghalabu hufa. Akitiwa maji mshipani na kuangaliwa vizuri, wengi hupona.

Kirusi hiki hakina ganda la mafuta, ndiyo maana sabuni haikidhuru, na hudumu katika udongo wenye kivuli kwa miezi mingi. Hubebwa na kiatu, gurudumu na jembe. Dawa ya kufanyia nguo weupe, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, hukiua juu ya sakafu ya saruji iliyokwisha kuoshwa. Katika udongo haifanyi kazi. Mtu aliyefiwa na mtoto wa mbwa kwa parvo kisha akanunua mwingine wiki ifuatayo kando ya barabara, asiyechanjwa, anampeleka palepale pa kifo. Mbwa wa Kijerumani na Rottweiler, ambao ndio wanaopendwa na wenye nyumba mpya, hushambuliwa kwa ukali kuliko mbwa wetu wa kienyeji.

Chanjo huanza mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Sababu ya kurudia ni kwamba kinga aliyoipata katika maziwa ya mama huiua chanjo, na hakuna ajuaye kwa kutazama tu ni wiki gani kinga hiyo itakwisha. Chanjo hiyo aghalabu huchanganywa na ya ugonjwa uitwao distempa, ambao nao huanza kwa homa, kutapika na kuharisha kabla ya kuingia ubongoni. Mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, kiasi cha 1,000, na asili yake ilifuatiliwa hadi kwa mbwa wa vijiji vilivyo kando ya hifadhi.

SUFURIA YA MBWA NA SUFURIA YETU

Chanzo cha kuharisha mara nyingi kimo katika sufuria, na hapa mwenye nyumba ana sababu ya kusikiliza kwa ajili ya nafsi yake. Mahindi yaliyoota ukungu hayatupwi. Huambiwa ni ya mbwa. Ukungu huo hutoa sumukuvu, na kuipika haiimalizi. Katika miaka ya 1950, kusini mwa Marekani, mbwa walikufa kwa ugonjwa wa ini usiojulikana, uliohusishwa na vyakula vyenye ukungu. Ni baada ya mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga, ndipo sumu yenyewe ilipotambuliwa. Magharibi mwa India mwaka 1974 mahindi yenye ukungu yaliua watu zaidi ya 100, na mbwa waliokula chakula kilekile walikufa nao. Kenya ilipoteza watu 125 mwaka 2004. Kwetu, mwaka 2016, watu 68 wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na 20 kati yao wakafa.

Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa upesi na sumu hii. Huacha kula, hutapika, kinyesi huwa cheusi, na baada ya siku chache weupe wa macho na fizi hugeuka manjano, mkojo ukawa wa rangi ya chungwa. Mbwa wawili wa nyumba moja wakiugua hivyo kwa pamoja, unga wanaopikiwa usiguswe tena na yeyote, hata kama unaonekana safi. Kiwango kinachoruhusiwa katika mahindi ya binadamu hapa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 tu kwa kilo moja, na kiasi hicho hakionekani kwa jicho wala hakina ladha. Mbwa akifa kwa dalili hizo asizikwe kwanza. Daktari wa mifugo huweza kuchukua sampuli na kuipeleka Maabara ya Veterinari iliyoko Temeke.

Utumbo mbichi wa machinjioni nao hauna budi kuchemshwa. Mbali na bakteria wanaoleta kuharisha, humo huwamo vijifuko vya tegu mdogo ambaye ndani ya mbwa haleti dalili, lakini mayai yake yakimwingia mtu huota uvimbe wa maji katika ini au mapafu. Waturkana wa Kenya walisumbuliwa na ugonjwa huu kiasi cha AMREF kuanzisha kampeni maalumu mwaka 1983. Minyoo mingine huhitaji kutajwa kwa ufupi tu: chango humwingia mtoto wa mbwa angali tumboni mwa mama, na safura humpata kwa maziwa, kwa hiyo dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki mbili na kurudiwa kila wiki mbili hadi aachishwe. Mabuu ya safura ya mbwa hupenya nyayo za mtoto achezaye uani bila viatu na kuchora mistari yenye kuwasha chini ya ngozi. Kinyesi kiokotwe kila siku na kufukiwa mbali na kisima.

Yamebaki maneno juu ya hali moja inayofanana na ugonjwa wa tumbo nayo siyo. Mbwa anadondokwa na mate, hali, anajaribu kumeza hawezi, taya limelegea, na sauti imebadilika. Mwenye mbwa hudhani mfupa umekwama kooni, akaingiza mkono kuutoa. Huenda kweli ni mfupa. Lakini hivyo ndivyo kichaa cha mbwa kinavyojionyesha katika sura yake ya upole, ambayo haina ukali wala kung'ata. Mbwa wa namna hiyo, hasa ambaye chanjo yake ya kichaa haijulikani, afungiwe peke yake bila kuguswa, na daktari wa mifugo aitwe aje. Aliyekwisha kuguswa na mate yake penye mchubuko aoshe mahali hapo kwa maji yatiririkayo na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akaanze chanjo, maana dalili zikisha kutokea kwa binadamu hakuna tiba.